Ruzuku ndogo ya utafiti wa afya kwa vyuo visivyo na uwezo: hela ipo, ila uje na zako kwanza (nyota 3 kati ya 5)

Watu tunavaa viatu siku mbili tu tunakimbilia kuandika vinabana au havibani, lakini ruzuku inayokukesheza miaka miwili hakuna anayekwambia inafanyaje kazi mpaka uwe umeshasaini. Mi nimekaa na hii miaka miwili na miezi kadhaa, nimeona niandike kama mteja. Jina la mfuko silitaji, bado nawadai.

Ni ruzuku ya watafiti wa afya walioko kwenye vyuo vyenye uwezo mdogo, yaani vile vyuo ambavyo mhadhiri ndo huyohuyo fundi wa maabara, ndo mratibu wa mitihani, na mahafali yakikaribia ndo anapanga viti. Muda ni miaka miwili, mtafiti mkuu ni mmoja na lazima awe mwajiriwa wa chuo chenyewe, sio mtu wa kuja na kuondoka. Utafiti wangu ulikuwa wa usugu wa dawa kwa wajawazito wenye maambukizi ya njia ya mkojo. Kazi yenyewe haina maajabu, unapokea mkojo, unaotesha bakteria kwenye sahani, unapanga juu yake vile vidisiki vya karatasi vilivyolowekwa antibiotiki, kesho yake asubuhi unachukua rula unapima lile duara ambalo bakteria wameshindwa kuota. Duara kubwa dawa inafanya kazi, duara dogo au hakuna kabisa ujue kuna shida. Nawaeleza haya mapema kwa sababu hivyo vidisiki tutakutana navyo tena huko mbele, na sio kwa wema.

Nianze na mazuri maana yapo. Kuomba ni rahisi kuliko nilivyozoea. Unaanza na andiko la kurasa 2, wakilipenda ndo wanakuita ulete andiko kamili na bajeti. Hii peke yake inaokoa miezi ya maisha ya mtu. Tovuti yao inahifadhi kila unachoandika, intaneti ikikata ukirudi unakuta sentensi yako iko palepale ulipoishia, na anayejibu imeli ni binadamu mwenye jina, sio ile "tumepokea ujumbe wako" halafu kimya. Linganisha na wakubwa. NIH ya Marekani kwa mfano, zile taasisi za serikali yao zinazogharamia utafiti wa afya, kabla hujaandika mstari mmoja wa sayansi chuo chako cha nje kinatakiwa kiwe na msimbo wa utambulisho wa NCAGE, kiwe kimesajiliwa SAM, ile daftari ya serikali yao ya wanaopokea hela zake, kipate namba ya UEI, kisha kijisajili Grants.gov ya kutumia maombi, kisha eRA Commons, tovuti ya NIH yenyewe ya kufuatilia ruzuku, na usajili wa SAM unahuishwa kila mwaka. Chuo chenye ofisi ya ruzuku hiyo ni kazi ya mtu mmoja ambaye hata humfahamu. Chuo kisicho na ofisi hiyo, kazi ni yako wewe hapo, usiku, ukishamaliza kusahihisha mitihani.

Ingawa na hawa wangu nao tulisumbuana kwenye uhakiki wa chuo. Cheti cha usajili kimeandika jina la chuo kwa "na" katikati, akaunti ya benki imeandikwa kwa ile alama ya "&". Wakasema hizo ni taasisi mbili tofauti. Wiki sita jamani, wiki sita za imeli, barua ya benki, barua ya mkuu wa chuo, barua ya kuthibitisha barua ya mkuu wa chuo, yote sababu ya kialama kimoja. Ukiwa unapanga kuomba popote pale, kesho nenda kwa mhasibu ukaangalie jina limeandikwaje kwenye kila karatasi.

Kitu kilichonifanya nisiwape nyota mbili ni maoni ya wahakiki. Mara ya kwanza nilikataliwa, ila nikatumiwa karibu kurasa mbili za maelezo, na sio yale ya "andiko halikuwa na ushindani wa kutosha" ambayo hayakufundishi kitu. Mhakiki mmoja alinionyesha kwamba hesabu yangu ya idadi ya wagonjwa ilichukulia kila mkojo utaotesha bakteria. Wakati ukweli ni kwamba sampuli nyingi haziotei kitu, sasa ukitaka bakteria 150 wa kupima usugu huwezi kukusanya mikojo 150, unahitaji mara kadhaa ya hapo. Nilisoma ile sentensi nikaona aibu peke yangu chumbani. Wakaniunganisha na mtakwimu wao, masaa mawili kwa video, tukapiga hesabu upya, mara ya pili nikapita. Hii huduma ningeilipia. Kwenye vyuo vyetu mtakwimu ni mmoja kwa kitivo kizima na foleni yake inamalizika mwakani, kwa hiyo mtu anayekusomea andiko kwa makini mstari kwa mstari ni kitu kikubwa sana hata usipopata hela.

Haya sasa, hela.

Kwenye tangazo wameandika kiasi, kinatosha utafiti mmoja mdogo na sina malalamiko nacho. Ambacho hakikuandikwa kwa herufi kubwa, kipo ukurasa wa kumi na kitu wa mkataba, ni kwamba hela inakuja kwa kurudishiwa. Chuo kinatumia kwanza, kila robo mwaka unakusanya risiti, unajaza fomu, unatuma, wanakagua, ndo wanarudisha. Mi nilisaini kwa furaha, nikaenda na mkataba kwa mhasibu wa chuo nikitegemea anipongeze. Akavua miwani akaniangalia. "Dokta, sasa hii ya kutanguliza tunaitoa wapi?"

Nikasema ni robo ya kwanza tu, ikirudi tunazungusha. Akanijibu kwamba mishahara ya watu wa muda mwezi huo ndo ilikuwa inatafutwa. Na alikuwa sahihi, chuo chenyewe kimeingia kwenye kundi la vyuo visivyo na uwezo kwa sababu hakina akiba, halafu sharti la kupata msaada wa chuo kisicho na akiba ni uwe na akiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa walisema wazee. Nikawaandikia mfuko nikauliza kama kuna malipo ya awali. Kumbe yapo! Yanatolewa kwa chuo chenye hesabu zilizokaguliwa miaka mitatu mfululizo bila hoja hata moja na chenye salio la kiasi fulani benki. Kwa maneno mengine wanaotangulizwa ni wale ambao hawana haja ya kutangulizwa.

Tulichofanya ni kuanza kwa kuchechemea. Vidisiki niliagiza mwezi wa kwanza wa mradi, msambazaji anataka hela yote kabla hajatuma, chuo kikatafuta, kikatafuta, mpaka hela inapatikana na mzigo unakuja ni mwezi wa tano unaisha. Kufungua boksi, tarehe ya mwisho ya kutumia imebaki miezi minne. Vidisiki sio kitu cha kusema utavumilia kidogo, vikipita muda dawa iliyomo inapungua nguvu, duara linakuwa dogo, unaandika bakteria ni sugu kumbe aliyechoka ni kidisiki. Utafiti mzima wa usugu ukiwa na vidisiki vilivyochoka unawadanganya madaktari, na daktari akidanganyika mgonjwa anabadilishiwa dawa bila sababu. Tukakimbizana tukatumia kama nusu, vingine nikavitupa mwenyewe kwa mkono wangu, nikaagiza vipya. Robo iliyofuata madai yakarudi na alama nyekundu, bidhaa hii ilishalipwa. Nikaeleza, nikatuma picha ya boksi na tarehe. Jibu likaja kwamba usimamizi wa stoo ni jukumu la taasisi. Sawa.

Halafu kuna kichekesho juu yake. Kwa sababu kila robo tunasubiri iliyopita irudi ndo tununue, kwenye ripoti tunaonekana tumetumia kidogo kuliko bajeti. Mwaka wa kwanza ulipoisha nikapata barua ya onyo ya heshima kabisa ikisema mradi una matumizi hafifu na wanapata wasiwasi kuhusu uwezo wa taasisi kusimamia fedha. Hizo fedha ziko kwao! Ningekuwa nazo zingeshatumika zamani na vidisiki vingekuja na mwaka mzima mbele. Nasikia watu kwenye mikutano wanasema vyuo vidogo havina uwezo wa kumeza ruzuku, mi naomba siku moja waangalie hela ilifika lini na kazi ilianza lini, waweke tarehe mbili hizo kwenye karatasi moja.

Jingine ni gharama za uendeshaji, ile asilimia wanayoongeza juu kwa ajili ya chuo. Wengi wetu tunaiona kama mambo ya wahasibu, hatuigusi, kumbe ndo roho ya kila kitu. NIH kwa miaka mingi taasisi za nje ya Marekani imekuwa ikizilipa asilimia 8. Vyuo vya ndani kwao vinajadiliana kiwango chao na serikali, na Harvard imefika asilimia 69. Yaani kwa kila dola 100 za utafiti zinazohesabiwa, mmoja anaongezewa 8 za kuendesha jengo na mwingine 69. Mwenye 69 ana ofisi nzima ya watu wa ruzuku, ana mtu wa manunuzi, ana jenereta mbili. Mwenye 8 ana mimi. Hawa wangu wanatoa 5, na walivyoiandika utadhani ni zawadi.

Najua hiyo 5 inamaanisha nini kwa sababu ya Jumapili moja. Nimekaa nyumbani simu inalia, ni mlinzi wa jengo la maabara, mzee mmoja mtaratibu sana. "Mwalimu, lile sanduku lako linapiga kelele." Friza ya nyuzi -80, ndimo walimo bakteria wangu wote niliowahifadhi. Umeme umekatika tangu usiku, jenereta ya chuo ipo ila dizeli hakuna. Nikatoa hela yangu mfukoni, mlinzi akaenda na dumu, mimi nikaazima boksi la baridi la chanjo kliniki ya jirani likae tayari lisije likatokea la kutokea. Tuliwasha ikiwa kwenye -52 inapanda. Bakteria walipona. Risiti ya dizeli nikaiambatisha kwenye madai ya robo ile, ikakataliwa, nishati ni gharama ya uendeshaji na imeshajumuishwa kwenye asilimia 5. Ile 5 ya robo ile yenyewe ilikuwa haijaja. Mlinzi hakuomba hata shukrani, na kwenye sehemu ya shukrani za makala yetu yupo, nilihakikisha.

Kuhusu muda sitaongea sana. Hairuhusu kulipa mshahara wa mtafiti wala wa mtu wa kukushikia vipindi, kwa hiyo utafiti unafanyika kuanzia saa kumi jioni na Jumamosi. Kuna wanaofanya vinginevyo, Fogarty, kile kituo cha NIH cha afya ya kimataifa kilichoanza 1968, kwenye ile tuzo yao ya K43 wanataka mtafiti atenge asilimia 75 ya muda wake wa kazi na wanachangia mshahara wake. Nzuri kabisa kwenye karatasi. Ila idara yenye wahadhiri watatu ikimtoa mmoja kwa robo tatu ya wiki, hao wawili waliobaki watakusalimia kwa shida. Chuo lazima kiandike barua kwamba kimekubali, na hapo ndo wengi huwa wanaishia.

Na kitu kimoja nilijifunza njiani, "chuo kisicho na uwezo" kila mfadhili ana rula yake. Huko Marekani kuna ruzuku ya R15, ilitengenezwa kwa ajili ya vyuo ambavyo havipati hela nyingi za NIH, na kipimo chake ni kwamba chuo kisiwe kimepokea zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka kutoka NIH katika miaka minne kati ya saba iliyopita. Milioni 6! Kwa mwaka! Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea sifuri. Sisemi hao hawahitaji, na R15 ina kitu kizuri inachosisitiza, wanafunzi wenyewe waguse utafiti badala ya kuoshea wakubwa vyombo vya maabara. Ila mjue maskini wa tangazo moja ni tajiri wa tangazo lingine, soma vigezo kabla hujaanza kuandika andiko na kujipa matumaini.

Faida nyingine ya mfuko huu, na hapa naongea kwa uzito, ni kwamba mwenye mradi ni wewe. Wengi tumekulia kwenye mfumo wa kuwa chini ya chuo kikubwa cha nje, wao wanapata ruzuku, sisi tunapewa kipande, tunakusanya sampuli, na kwenye makala jina lako liko katikati kama jani la sandwichi. Na kipande chenyewe sio cha kutegemea, Mei 2025 NIH ilitangaza haitatoa tena ruzuku ndogondogo mpya zinazopitia chuo kikuu cha Marekani kwenda taasisi za nje mpaka iweke utaratibu mwingine, na waliokuwa wanategemea mgongo wa mwenzao wakaanza kuulizana wanashuka wapi. Kwenye hii yangu bajeti niliandika mimi, swali niliuliza mimi, mwanafunzi wangu wa uzamili ndo jina la kwanza kwenye makala. Hilo siwezi kulipunja, na ndo maana pamoja na vidisiki na dizeli bado natoa nyota tatu.

Makala nayo ilikuwa na safari yake. Sharti lao ni matokeo yachapishwe wazi kila mtu asome bure, jambo jema, lakini ada ya kuchapisha inalipwa kama tu makala imekubaliwa kabla mradi haujaisha. Nani anamaliza kukusanya data mwezi wa 22 na kukubaliwa mwezi wa 24? Tulipata msamaha wa ada kutoka kwa mchapishaji kwa sababu ya nchi tuliyoko, wachapishaji wengi wanao utaratibu huo ila usisubiri wakuulize, uliza wewe siku ya kutuma makala, ukishakubaliwa wengine wanasema umechelewa. Hapa nawasifia TDR, wale wa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto walioko WHO, kwenye mafunzo yao ya SORT IT kuandika na kutuma makala ni sehemu ya kozi yenyewe na usipofikia hatua moja kwa tarehe huendelei na inayofuata. Ni wakali, lakini unatoka na makala.

Vitu vya bure vilivyonibeba, nitaje haraka. Majarida nilisoma kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, ipo tangu 2002, muulize mkutubi wenu nywila maana vyuo vingi vimesajiliwa na hakuna anayejua. Fomu za data tulitengeneza kwenye REDCap, programu ya kukusanya na kutunza data za utafiti, chuo kisicho cha biashara kinapewa bila malipo ila kinahitaji mtu wa kompyuta wa kuiweka na kuilinda. Kwenye AuthorAID, mtandao unaowaunganisha watafiti na washauri wa uandishi, nilipata mtu wa kunisomea rasimu, alikuwa mkali mno na nashukuru.

Sasa, je, uombe? Kama chuo chako kina akiba ya robo mwaka mzima ya bajeti yako, omba leo, hutajuta, na wahakiki wao watakufundisha. Kama hakina, bado omba, lakini kabla ya kusaini waandikie uwaulize kwa maandishi kama robo ya kwanza inaweza kutangulizwa, maana nilikuja kugundua kwamba mwenzangu mmoja wa chuo kingine aliuliza kabla ya kusaini na akatangulizwa, mimi niliuliza baada na nikasomewa kanuni. Kwenye bajeti usiandike "umeme" wala "dizeli", andika "uhifadhi wa sampuli" kama gharama ya moja kwa moja ya mradi, weka na kiasi na maelezo yake, hiyo wanaikubali na ni kweli ndo matumizi yake. Vidisiki agiza kwa mafungu madogo na mwambie msambazaji kwa barua kwamba hupokei vyenye chini ya miezi kumi.

Robo ya mwisho tuliituma na risiti zote, zimepangwa kwa tarehe, ina miezi mitatu sasa. Jana nimepita kwa mhasibu, akavua tena ile miwani, akasema nirudi Alhamisi.